Mtaa wa Per Jonsson

Nilikuwa natafuta anwani tu. Kulikuwa na mashindano ya spidiwei, mbio za pikipiki, huko Toruń, mji wa Poland ulio kando ya mto Vistula, na nilitaka kuona kwenye ramani uwanja uko umbali gani kutoka kituo cha treni. Uwanja wenyewe naujua kwa kuutazama kwenye runinga: Motoarena, uliofunguliwa mwaka 2009, majukwaa yake yamefunikwa paa na yanachukua watu kama 15,000. Anwani yake sikuwahi kuisoma. Safari hii niliisoma: ulica Pera Jonssona.

Mtaa wa Per Jonsson.

Ramani niliifunga, jina likanikaa. Per Jonsson ni Mswidi aliyezaliwa mwaka 1966. Aliiendeshea klabu ya Toruń misimu michache mwanzoni mwa miaka ya 90, kisha akavunjika uti wa mgongo akiwa amevaa rangi zao. Mji ulipoupa mtaa jina lake, mwenyewe alikuwa hai, kwenye kiti cha magurudumu.

Kwetu mitaa hubeba majina ya waasisi wa taifa, mashujaa wa vita, viongozi waliokwisha kuzikwa. Mwanamichezo wa kigeni, aliye hai, tena aliyeumia akiutumikia mji huo huo? Wiki kadhaa zimepita na bado swali linanirudia nikiwa jikoni, nikiwa kwenye foleni, nikijaribu kulala. Wanampenda, au wanamlipa? Na kama wanamlipa, kibao cha barabarani ni malipo ya nini hasa?

Pikipiki isiyo na breki

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu, haya yanatosha. Watu wanne wanaanza kwa pamoja kwenye njia ya umbo la yai, wanazunguka mara nne wakikata kushoto tu, na ndani ya dakika moja na sekunde chache mbio imekwisha. Wa kwanza pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho hana kitu. Pikipiki ina injini ya sentimita za ujazo 500, inakunywa methanoli, ina gia moja, na haina breki.

Watu wakisikia hilo la breki hudhani ni wendawazimu. Kumbe lina hesabu yake: kama hakuna anayeweza kusimama ghafla, hakuna atakayemgonga wa mbele kwa sababu amesimama ghafla. Kasi inapunguzwa kwa kuulaza mwili wa pikipiki kwenye kona, gurudumu la nyuma likitupwa nje na kufagia udongo, huku mguu wa kushoto, uliovishwa kiatu chenye soli ya chuma, ukiteleza ardhini. Mkononi kuna kamba fupi. Ukianguka inachomoka na injini inazima.

Mpangilio wote huo unategemea jambo moja: kwamba wanne wale wanajuana na wanaaminiana. Mmoja akikosea nusu mita, mwenzake wa nje anakutana na ukuta.

Jonsson alikuwa mzuri mahali ambapo wengi waliogopa, kule nje, karibu na ukuta, penye udongo mwingi na mwendo mkubwa.

Odsal, 1990

Hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Odsal ni uwanja wa mji wa Bradford, kaskazini mwa Uingereza, uliolala ndani ya bonde. Raga na spidiwei viliutumia kwa pamoja. Septemba 1989 ilifanyika hapo fainali ya Kombe la Dunia la timu. Katika mbio ya kwanza kabisa ya siku hiyo waendeshaji wote wanne walianguka kwenye kona ya mwanzo. Mdenishi Erik Gundersen, bingwa wa dunia wa 1984, 1985 na 1988, aliumia shingo na kichwa kiasi kwamba watu walisubiri habari za kifo. Hakufa. Alijifunza upya kutembea, na hakurudi mashindanoni. Mmoja wa wale wengine watatu alikuwa Mswidi, Jimmy Nilsen.

Mwaka mmoja haukutimia. Mwanzoni mwa Septemba 1990, uwanja ule ule, fainali ya dunia ya mtu mmoja mmoja.

Nimejiuliza sana mtu anajisikiaje akisimama kwenye mstari pale, akijua kona iliyo mbele yake ilifanya nini chini ya mwaka mmoja nyuma. Jibu la waendeshaji huwa ni kwamba ukiwaza hayo usianze kabisa. Naliamini jibu hilo nusu.

Enzi zile bingwa wa dunia alipatikana usiku mmoja. Watu 16, mbio 20, kila mmoja anapanda mara tano na kukutana na kila mpinzani mara moja. Mwaka mzima wa kufuzu, nchi baada ya nchi, unaishia kwenye dakika tano hivi za kuendesha. Hans Nielsen wa Denmark ndiye aliyekuwa bingwa, na ndiye wengi walimtarajia. Nielsen alimaliza wa nne. Todd Wiltshire, kijana wa Australia, alichukua nafasi ya tatu. Juu yao walibaki wawili wenye pointi 13 kila mmoja kati ya 15 zinazowezekana: Mmarekani Shawn Moran na Per Jonsson, umri wake miaka 24.

Ikabidi warudi njiani wawili peke yao, mizunguko minne, mshindi achukue dunia.

Jonsson alishinda.

Sweden ilikuwa imesubiri tangu 1974, Anders Michanek alipotwaa ubingwa Göteborg. Kwa nchi iliyomlea Ove Fundin, bingwa mara tano kati ya 1956 na 1967, miaka 16 ni mirefu. Na kuna jambo la kufurahisha: Michanek naye aliwahi kuvaa jezi ya Reading, klabu ile ile ya Uingereza iliyomchukua Jonsson akiwa kijana. Mwaka huo huo wa 1990 Reading walitwaa ligi ya Uingereza.

Baadaye likatokea lililochafua kumbukumbu ya usiku ule. Moran alikuwa ameshindwa kipimo cha dawa kwenye hatua ya kufuzu, kabla ya fainali, na matokeo yake yakafutwa. Ukitazama orodha leo, nafasi ya pili ya 1990 haina mtu. Ya kwanza ipo, ya tatu ipo.

Nimesikia watu wakiutumia huo upungufu kuupunguza ubingwa wa Jonsson, kana kwamba alipewa mezani. Sikubaliani nao hata kidogo. Alimshinda Moran udongoni, mbele ya watu, kabla karatasi yoyote haijafutwa. Kama kuna mtu ambaye hakuuhitaji uamuzi wa ofisini, ni yeye.

Jumapili za Poland

Mwendeshaji wa spidiwei hana mwajiri mmoja. Anajitegemea: ananunua pikipiki zake, analipa mafundi wake, anapanda gari lake lenye injini za akiba nyuma, na analipwa kwa pointi anazoleta. Ndiyo maana mtu yule yule anaiendeshea klabu ya Uingereza, klabu ya Sweden na klabu ya Poland ndani ya msimu mmoja. Reading walikuwa wanapanda Jumatatu. Poland ni Jumapili. Katikati kuna vivuko vya bahari, barabara za usiku, viwanja vya ndege, na udongo wa jana ambao bado haujatoka chini ya kucha.

Ukomunisti ulipoanguka, klabu za Poland zilifungua milango kwa wageni. Hans Nielsen alitua Lublin mwaka 1990, na wengine wakafuata. Jonsson akaenda Toruń, kwenye klabu iliyoitwa Apator.

Msomaji anayeupenda mpira atanielewa nikisema kwamba spidiwei ya Poland si kamchezo ka pembeni. Huko ni mji mzima. Watu wanajaa uwanjani na skafu, nyimbo, ngoma, na matusi ya asili kwa wageni. Toruń wana watani wao wa jadi, Bydgoszcz, mji ulio chini ya kilomita 50 kutoka kwao, na utani huo hauko kwenye pikipiki peke yake: miji hii miwili inagombania hadhi, ofisi na makao makuu ya mkoa hadi leo.

Na fikiria nani anakuja kuwapigania. Mswidi! Mwaka 1703 jeshi la mfalme Karl XII wa Sweden liliuzingira mji huu na kuupiga mizinga hadi jumba lake la baraza likaungua. Ni historia ya mbali, najua, hakuna aliyekaa jukwaani akiiwaza. Lakini ukiuangalia mji kwa urefu wa miaka yake, Mswidi kuingia kwa shangwe, kubebwa juu, watoto kupewa picha zake wabandike ukutani, si jambo dogo.

Alikuwa bado katika kilele. Mwaka 1992, fainali ya dunia ilipofanyika Wrocław, Poland, alikuwa wa pili nyuma ya Mwingereza Gary Havelock. Mwaka 1993 yeye, Tony Rickardsson na Henrik Gustafsson waliipa Sweden ubingwa wa dunia wa jozi. Hiyo ndiyo picha yake alipoingia msimu wa 1994: miaka 28, bingwa wa zamani ambaye hajaanza kushuka.

Juni 1994

Ilikuwa mechi ya watani, Bydgoszcz, Juni 1994. Alianguka. Uti wa mgongo ukavunjika, na hakutembea tena.

Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu ajali yenyewe. Zipo kurasa zinazoieleza kona kwa kona, nani aligusana na nani, na nimeona zinavyosomwa. Sioni faida yake kwa mtu aliyelala pale.

Kinachonishughulisha ni kwamba hakuwa peke yake. Chukua mabingwa wanne wa dunia wanaofuatana: 1988 Gundersen, 1989 Nielsen, 1990 Jonsson, 1991 Jan O. Pedersen. Gundersen alivunjwa Odsal. Pedersen aliumia mgongo mwaka 1992, mwaka mmoja tu baada ya taji lake, na hakuwa tena yule wa zamani. Jonsson, 1994. Kati ya wanne, Nielsen peke yake ndiye aliyeachiwa achague mwenyewe lini aache.

Hawa si wanagenzi walioingia wasichokijua. Hawa ndio waliokuwa bora duniani.

Agosti

Wiki chache baada ya Bydgoszcz, Agosti ya mwaka ule ule, fainali ya dunia ilifanyika Vojens, Denmark. Ilikuwa fainali ya mwisho ya mtindo wa usiku mmoja. Kuanzia 1995 ubingwa ungetafutwa kwa mfululizo wa mashindano ya Grand Prix. Watatu walilingana kwa pointi 12: Nielsen, Mwaustralia Craig Boyce, na Tony Rickardsson. Wakaingia mbio ya kuamua. Rickardsson akashinda, miaka 24, umri ule ule aliokuwa nao Jonsson kule Odsal.

Mwezi uliofuata Sweden ikatwaa Kombe la Dunia la timu, Jonsson akiwa hayumo.

Rickardsson akaendelea: 1998, 1999, 2001, 2002, 2005. Mataji sita, sawa na Ivan Mauger wa New Zealand, rekodi ya mchezo mzima wakati ule. Nampenda Rickardsson; ni vigumu kuipenda spidiwei usimpende. Tangu aache mwaka 2006 hakuna Mswidi aliyekuwa bingwa wa dunia.

Ila kila ninapoisoma orodha ya mabingwa wa Sweden, Fundin, Knutsson, Michanek, Jonsson, Rickardsson, jicho linaganda kwa yule wa nne. Amebanwa kati ya miaka 16 ya ukame na enzi ya mtu mwenye mataji sita. Taji lake moja linasomwa haraka, mtu anapita. Na hapo ndipo kishawishi kinapoingia: kama asingeanguka angekuwa na mangapi? Mfumo mpya wa Grand Prix ungemfaa? Wangegawana vipi na Rickardsson?

Nilianza kuandika aya nzima ya "kama". Nikaifuta. Mtu aliyeshinda hahitaji kusifiwa kwa mbio ambazo hakuzikimbia, na kumhesabia mataji ya kufikirika ni njia nyingine ya kusema lile alilopata halitoshi.

Upendo au deni

Nirudi kwa mji.

Uwanja ulio kwenye mtaa ule una jina la mtu pia. Ni Marian Rose, mwendeshaji wa Toruń aliyefariki kwa ajali ya mashindano huko Rzeszów mwaka 1970. Kwa hiyo kila mwendeshaji anayekwenda kupanda Toruń anapita mtaa wa mtu aliyevunjika mgongo ili aingie uwanja wa mtu aliyekufa. Vijana wa miaka 16 nao wanapita hapo, pikipiki zikiwa nyuma ya gari la baba.

Mwanzo jambo hili lilinikasirisha. Niliona mchezo unaojipamba kwa walioumia, unaogeuza maumivu kuwa fahari ya klabu, kisha Jumapili inayofuata unafungua geti kama kawaida. Hasira hiyo haijaisha yote. Mwaka 2015 Darcy Ward wa Australia, bingwa wa dunia wa vijana mara mbili na kipenzi cha Toruń kwa miaka, alianguka Zielona Góra akiwa na klabu nyingine. Umri miaka 23, naye hatembei. Kati ya Jonsson na Ward zilikuja kuta zilizojazwa hewa, ambazo 1994 hazikuwapo, na hakuna shaka zimeokoa watu wengi. Hazikumwokoa yeye.

Lakini kadiri nilivyokaa na ile anwani, upande mwingine ulipata nguvu. Jonsson hakufia Toruń, wala hakuangukia Toruń. Aliangukia kwa watani. Kilichokuwa chake mjini pale ni zile Jumapili za kabla, misimu ya 1991 hadi 1994, alipokuwa akitoka nje ya kona ya pili na jukwaa zima kusimama. Mji ungeweza kabisa kumsahau. Klabu za Poland zimeajiri wageni wengi, mabingwa wa dunia wakiwamo, wakaja, wakalipwa, wakaenda, na sijui kichochoro chenye majina yao. Aliyepewa mtaa ni huyu. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu ajali wakati uwanja unafunguliwa, na watu waliokuwa watoto mwaka 1994 ndio sasa walikuwa wazazi wenye tiketi mkononi. Majuto hayadumu kiasi hicho kwa umati. Umati huona haya kwa wiki mbili.

Kwa hiyo kwa watu wa majukwaani nimeamini kuwa ni upendo. Swali la deni nimelihamisha, maana lilikuwa limeelekezwa pasipo pake.

Mwenye deni ni mchezo. Mtu anayejitegemea akiumia, kipato chake kinasimama jioni ile ile, na gharama zake zinaanza asubuhi yake: upasuaji, kiti, gari la kurekebishwa, nyumba ya kuondolewa ngazi, miaka arobaini ya hayo. Uingereza upo mfuko wa hisani wa kuwasaidia waendeshaji walioumia, na sehemu kubwa ya uhai wake ni ndoo zinazopitishwa jukwaani, mashabiki wakitia sarafu. Nawaheshimu sana wanaobeba ndoo hizo. Hata hivyo, ligi inayouza haki za runinga, inayouza tiketi kwa maelfu kila Jumapili, inayolipa pesa nyingi kuliko zote duniani kwenye mchezo huu, yaani ya Poland, ndiyo inayopaswa kuwa ya kwanza kukata fungu kwenye kila tiketi na kila mkataba, kwa sheria, lilindwe lisiguswe, limfuate aliyeumia maisha yake yote, awe ana taji la dunia au ni kijana wa akiba aliyepanda mbio mbili tu na ambaye hakuna mtaa utakaokuja kuitwa kwa jina lake.